Zana za Karani Kepher

Rebeccah hakumwamini mtu yeyote aliyesimama upande wa pili wa mizani, na hakuzaliwa hivyo. Alifunzwa. Tangu aanze kuuza majani chai alikuwa ameona karani mwenye kidole gumba kizito kuliko mtoto mchanga. Akaona karani wa kutoa uzito wa gunia mara mbili, mara ya kwanza kwa sheria na mara ya pili kwa mazoea. Mwishowe akaona yule wa kuita kumi na kuandika nane, huku akikuuliza habari za watoto kwa upole kabisa. Huyo wa mwisho, wakulima wa kituo cha Kapchemosi walimsindikiza mpaka barabarani, wakampandisha kwenye lori juu ya magunia, wakamwambia dereva kwamba haya nayo ni majani yaliyoharibika, ayarudishe.

Mtu aliyefunzwa namna hiyo ungetarajia anyamaze karani mpya akitafutwa. Lakini Rebeccah alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo, na kiti kina tabia ya kumsemesha mtu. Wengi walitaka kijana wa nyumbani. Yeye akasimama akamtaja Kepher Okeyo, ambaye watu wake walitoka kando ya ziwa kuja kuchuma chai ya kampuni, naye akazaliwa huku huku kwenye baridi, akakua na Kipsigis cha kutosha kununua maziwa na kuomba kanisani. Walikuwa washirika wa kanisa moja. Rebeccah alikuwa amemwona akiwagawia wageni chai ibada ikiisha, bila kujimiminia kwanza, na kwake hiyo ilikuwa barua tosha ya kazi.

"Huyu akiiba hata jani moja," alisema mbele ya wote, "mimi nashuka kwa hiki kiti, na sitakalia kingine tena, hata cha kanisani. Nitakuwa nasimama."

Watu walicheka, lakini neno waliliweka. Kapchemosi wanaweza kusahau siku ya mkutano na jina la mheshimiwa waliyempigia kura, ila neno lililosemwa mbele ya mizani halipotei hata likifunikwa na majani.

Ili asije akasimama kanisani uzee wake wote, Rebeccah akatunga sheria. Karani akipima gunia, aite uzito kwa sauti. Mwenye majani aurudie. Kisha mtu wa mwisho kwenye foleni ajibu: imefika. Asiposikia, aseme haijafika, na gunia lipimwe upya. Sheria ilipendwa sana. Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa kooni mwa Kepher. Zamani alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, akapona vizuri, lakini sauti aliyobaki nayo ilikuwa kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya gunia lililofungwa mdomo. Na mvua ya alasiri ikipiga yale mabati ya kituo, hata yeye mwenyewe nadhani alikuwa anasoma midomo yake.

Mtu wa mwisho kwenye foleni siku zote alikuwa Janeffer. Alipapenda pale kwa sababu ndipo mtu anaona migongo yote. Kepher aliita, mwenye majani akarudia kwa kubahatisha, na Janeffer akajibu kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote: haijafika. Gunia likashushwa, likapandishwa. Lori likapiga honi. Majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia na kuwa mekundu. Wakulima wakaanza kusemezana kwamba mtu asiyetaka kusikika ana jambo lake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Kipruto alipoleta habari.

Kipruto alikuwa mwendesha bodaboda, na abiria wake walijua kwamba wanalipia safari na kutoa habari bure. Alimkuta Rebeccah shambani, mkono mmoja ndani ya chai, akasimamisha pikipiki pale kando bila kuizima, kama mtu anayeleta habari za ugonjwa. Akaeleza kwamba karani anazunguka soko la Mogogosiek akiulizia solda.

Rebeccah akauliza solda ni nini.

Kipruto akamweleza ni ile risasi ya mafundi wa redio, ya kuyeyusha na kugandishia nyaya. Tena si solda pekee. Anataka waya mwembamba, na playa, ile koleo ndogo ya mdomo mrefu, na mita ya kupima umeme. "Mwenyekiti, mimi sisemi kitu," akasema, na hapo ndipo alipokuwa amesema chote. "Risasi, waya, playa. Wewe weka hizo tatu pamoja uone zinafunga nini."

Hakukuwa na haja ya kuziweka pamoja. Kila mkulima wa Kapchemosi aliijua sili. Ilining'inia ubavuni mwa mizani, kidonge cha risasi cha ukubwa wa harage, kimepitishwa waya uliosokotwa na kugongwa muhuri wa watu wa vipimo wa serikali. Mizani haifunguliwi bila kukata waya ule. Wakulima waliiheshimu ile sili kuliko walivyowaheshimu watu walioiweka. Anayetaka kuifungua mizani, aifundishe uongo, kisha aifunge tena watu wasijue, angehitaji nini? Angehitaji risasi. Angehitaji waya. Angehitaji playa ndogo ya mdomo mrefu.

Rebeccah alirudisha mkono kwenye chai akachuma, lakini alichuma mpaka majani magumu yasiyochumwa.

Hakumuuliza Kepher. Alilifikiria akaliacha. Mwizi ukimuuliza anaficha, na mwaminifu ukimuuliza umemtukana, na vyovyote vile Kipruto angekuwa amefikisha habari sokoni kabla yeye hajafunga lango. Akaamua kufanya jambo la kirafiki zaidi, yaani kumfuata. Akamwambia Kepher kwamba amesikia anaenda Litein, naye ana haja na waya wa banda la kuku, kwa nini wasiende pamoja. Kepher akasita. Akajikuna shingo pale penye kovu. Kisha akasema sawa, Mama, na Rebeccah akakuweka kule kusita kwake kwenye akiba.

Walipanda pikipiki ya Kipruto, Kepher katikati na mwenyekiti nyuma kwa upande, ameshika mkoba kama anapelekwa kutawazwa. Kwanza walisimama Mogogosiek kwa fundi wa mifereji ya maji ya mvua. Kepher akanong'ona haja yake, chuma cha kuyeyushia solda. Fundi akasema kifaa hicho anacho, akaingia ndani, akatoka na chuma cha ukubwa wa jembe, cha kupashwa kwenye jiko la makaa.

Kepher alikitazama kwa huzuni. Akasema kwa ile sauti yake kwamba anataka cha umeme, chenye ncha nyembamba kama penseli.

"Ya kushonea nini, nguo?" fundi akauliza. "Hii yangu inaziba tangi. Kazi gani inataka ncha ya penseli?"

Kepher akasema ni kazi ndogo tu, na Rebeccah akajiuliza lile lile la fundi. Mtu mwenye kazi ya haki huchukua chuma kinachoonekana. Ncha ya penseli ni ya mtu ambaye hataki alama ibaki.

Litein ilikuwa siku ya soko, na kila mtu alikuwa anamuuzia kila mtu. Duka la kwanza walimpa chuma cha umeme chenye moto mwingi. Kepher akakipima mkononi, akakirudisha, akasema hiki kitaivisha bodi ya nyaya kama chapati. Duka la pili wakamletea risasi ya mafundi bomba na kikopo cha asidi yake. Alifungua simu, akatazama video moja bila sauti, kichwa ameinamisha kama anasoma Zaburi, akasema hapana, asidi itakula nyaya, na baada ya mwezi mmoja itaonekana. Kipruto, aliyejifanya anatafuta kengele ya pikipiki, akamkonyeza Rebeccah. Itaonekana.

Hilo ndilo lililomsumbua Rebeccah njia nzima. Mtu anayenunua kitu asichokijua huchukua cha kwanza akaondoka. Huyu alikuwa anakataa. Alikataa kubwa akataka ndogo, alikataa chenye nguvu akataka kipole, na kila alipokaribia kile kifaa hasa alichokuwa anakitafuta, ndivyo kilivyozidi kufanana na kifaa ambacho angekitafuta mwizi wa mizani.

Walikipata mwishowe kwa Bitutu, mama aliyeuza vipuri vya redio kwenye kibanda chembamba hata yeye mwenyewe aliingia kwa ubavu. Bitutu naye hakuwa mtu wa kuamini watu. Alikuwa amechoka na mafundi wa juzi, wanaonunua kitu leo, wanakiunguza usiku, kesho wanarudi kusema walikipata kimekufa. Akamuuliza Kepher kama amewahi kushika solda. Kepher akakiri kwamba hajawahi, hii ni mara yake ya kwanza. Akamuuliza anatengeneza nini. Hapo Kepher akamtazama Rebeccah, akatazama chini, akasema: "Ni kakitu tu."

"Kakitu," Bitutu alisema. "Huwa wanasema hivyo. Halafu moto unashika pazia."

Lakini alikuwa mwalimu wa asili, na mwalimu wa asili hawezi kumwacha mjinga aende mjinga. Akamtolea chuma chembamba, akamwonyesha ncha ikichoka inavyosafishwa kwa sifongo yenye maji. Akamwonyesha mita, akamfundisha kusikiliza inavyolia waya ukiwa mzima. Akamchagulia playa mbili, moja ya kukata na moja ya kushikia, akasema asije akathubutu kukata waya kwa meno kama vijana wa hapa. Kisha akachukua mizingo miwili ya solda, akaukwaruza mmoja kwa ukucha mbele ya macho yao.

"Tazama hii. Solda mzuri inang'aa. Hii nyingine imefifia, ni takataka. Ukiona inang'aa, ujue ndio hiyo."

Rebeccah hakununua waya wa kuku. Alisahau. Lakini somo la Bitutu alirudi nalo nyumbani lote.

Siku zilizofuata Kepher alizidi kujiharibia. Kwanza alikuja kwa Rebeccah kuomba lile sanduku la zamani la chai, la mbao nyembamba, ambalo marehemu mumewe alilipata kiwandani enzi chai ilipopakiwa kwenye masanduku. Sasa kuku walitagia humo. Akasema anapenda zile mbao. Rebeccah akampa, maana kumnyima kungekuwa kumwonyesha shaka yake, lakini akabaki amesimama pale na kuku wake wasio na makao, akijiuliza karani anataka sanduku la nini. Akahitaji pia betri kuukuu ya pikipiki, akaichukua kwa Kipruto, na Kipruto akaja mbio kusema ameitoa kwa ajili ya upelelezi.

Halafu Janeffer. Alipita mchana nje ya chumba alichopanga Kepher, mlango umefungwa, na ndani, aliapa, kulikuwa na mlio kama wa paka aliyekanyagwa. Ukanyamaza. Kisha akasikia sauti ya karani, peke yake, hana gunia, hana mkulima, akisema: kumi na mbili nukta nne. Kumi na mbili nukta nne. Tisa nukta moja.

"Anaita kilo za majani ambayo bado yako shambani," Janeffer alisema. "Yangu yalikuwa hayajachumwa, Mwenyekiti, na tayari yalikuwa tisa nukta moja."

Hapo Rebeccah hakulala vizuri, na kesho yake akafanya alichokifanya.

Mizani ilifungiwa kwenye kiofisi cha kituo. Funguo zilikuwa mbili, moja ya karani na moja ya mwenyekiti. Alikwenda asubuhi mapema kama anayekwenda kufagia. Alichukua hata ufagio, ili ufagio umshuhudie. Aliitoa mizani kwenye kasha lake, akaigeuza, akaitazama sili. Ilikuwa ya kijivu, imefifia, haina makosa kwa macho. Lakini macho yake yalikuwa yamefundishwa Litein. Akakumbuka ukucha wa Bitutu. Akakwaruza.

Iling'aa.

Iling'aa kama shilingi mpya. Rebeccah akakwaruza tena, kwa nguvu, na mstari mweupe ukatokea ubavuni mwa kile kidonge, mzuri, wa kumetameta, mahali ambapo hata kipofu angeuona. Ukiona inang'aa, ujue ndio hiyo. Akarudisha mizani kwenye kasha, akafunga mlango, akaketi kwenye benchi la kupangia magunia na ufagio magotini. Alijiona amesimama kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, wengine wote wameketi, na watoto wakiuliza mama zao kwa nini yule nyanya haketi.

Alikuwa na nia ya kumwita Kepher pembeni siku hiyo hiyo. Lakini ilikuwa siku ya kupima, na watu walifika kabla ya nia.

Walikuja na magunia mgongoni, wakayapanga, na hawakusalimiana kwa kelele kama kawaida. Kepher alikuja mwisho, amebeba kitu kizito ndani ya gunia, akakiweka chini ya meza taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akafungua ofisi, akatoa mizani, akaitundika kwenye ndoano. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye michai.

Janeffer hakwenda mwisho wa foleni. Alikuja mbele. "Leo kabla ya kupima majani," alisema, "tupime karani."

Kipruto hakungoja kura. Akaishika mizani, akaigeuza, akainua sili kwa vidole viwili, na wote wakaiona. Ule mstari ulimetameta pale kama jino la dhahabu.

Mnong'ono ulikwenda mpaka nyuma ukarudi. Kepher alifungua mdomo akasema kitu. Hapo hapo mvua ikaanza kugonga mabati, kwanza moja moja, kisha yote kwa pamoja, na midomo ya karani ikaendelea kwenda bila yeyote kujua inakwenda wapi. Akaona hasikiki. Akaacha kusema. Akatoa funguo zake mfukoni. Kwenye pete yake kulikuwa na kitu ambacho Rebeccah alikuwa akikiona siku zote bila kukiuliza, kijiwe cha kijivu chenye tundu. Kepher akakionyesha kwa ishara, kama anavuta nyavu, na wazee wakaelewa. Ni risasi ya kuzamisha nyavu za samaki, ya kwao ziwani, nzee kuliko yeye. Akaikwaruza kwa ukucha.

Iling'aa.

Akampa Kipruto. Kipruto akakwaruza upande mwingine. Iling'aa. Kijiwe kikazunguka mkono kwa mkono, na kila aliyekikwaruza alipata mstari wake mweupe, kama watoto wanaopewa peremende. Kepher akaisogelea meza, waliokuwa karibu wakamsikia akieleza: risasi yote iko hivyo, mpya kwa kuukuu, ukiigusa inang'aa, ukiiacha inafifia. Akageuza sili upande wa pili. Muhuri wa serikali ulikuwa pale, mzima, na waya wake haujaguswa. Mizani haikufunguliwa. Ila kuna mtu aliyeikwaruza, na mkwaruzo wenyewe ni mbichi.

Watu walilitafuna jambo hilo. Wakalimeza vibaya. Mwanamume mmoja akasema kwa nguvu kuishinda mvua kwamba basi ni wazi, karani alijaribu kuifungua akashindwa. Ofisi ina funguo mbili, na moja ni ya Mwenyekiti. Alisema hivyo, ya Mwenyekiti, kama mtu anayesema moja ni ya mbinguni. Hakuna aliyegeuka kumtazama Rebeccah. Hilo ndilo lililomuuma. Watu wasiomwamini hata daktari wa ng'ombe, na hakuna aliyegeuka.

Kepher peke yake alikuwa anamtazama. Alijua kuhesabu funguo. Alimtazama, na hakusema neno, na kwa mara ya kwanza tangu aje kituoni haikuwa kwa sababu ya koo.

Janeffer akamshika Rebeccah mkono. Akamwambia sikioni kwamba hakuna atakayemshikia lile neno lake. Alidanganywa kama wote. Karani atapandishwa lori jioni hii, na kiti kitabaki chake.

Ingekuwa rahisi. Angenyamaza tu, na kunyamaza si kazi, Kapchemosi nzima ilikuwa tayari kumsaidia. Lori lilikuwa linasikika likipanda mlima kwa gia ya chini.

"Ni mimi," Rebeccah alisema.

Mvua ikalichukua. Janeffer, aliyekuwa tayari amerudi mahali pake mwisho wa foleni kungoja hukumu, akajibu kwa mazoea: "Haijafika."

Rebeccah akavuta pumzi. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Waliokuwa mbele wakageuka, hawana hakika walichosikia. Nyuma, mkono wa Janeffer ukainuka juu ya vichwa ukatikisika. Haijafika.

Kepher akainama chini ya meza. Akafungua lile gunia, akatoa sanduku, na Rebeccah akazitambua mbao za kuku wake. Maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka, ila yamepinduka, na katikati ya maandishi kulikuwa na tundu la mviringo lenye spika ndani yake, limezungushwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika. Nyuma, betri ya Kipruto. Waya mmoja ulitoka ubavuni ukaishia kwenye maikrofoni ndogo iliyofungwa kamba ya kuvaa shingoni. Ilikuwa kazi ya mtu wa mara ya kwanza. Pembe mbili hazikukutana, na solda ilikuwa imedondoka hapa na pale kama uji kwenye kidevu cha mtoto. Akabonyeza swichi. Paka aliyekanyagwa akalia, watu wakaruka nyuma, Kipruto akauangusha mzigo wa mtu. Kisha paka akanyamaza, na pakabaki mvumo mdogo, mtulivu.

Kepher akamvisha Rebeccah ile maikrofoni shingoni. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya moto.

"Niliikwaruza mimi," Rebeccah alisema.

Sauti yake ikatoka nje ya kituo, ikapita juu ya lori, ikavuka bonde. Ng'ambo ya mto wachumaji waliojikinga mvua chini ya nailoni waliinua vichwa. Akashtuka, akataka kuirudisha, lakini ilikuwa imekwenda.

"Niliingia na ufunguo wangu. Nilidhani ameghushi. Karani hakuigusa."

Mvua ilipiga mabati. Kule mwisho kabisa wa foleni mtu akakohoa.

"Imefika," Janeffer alisema.

Yaliyobaki yalisemwa kwa vipande, huku magunia yakipandishwa, maana dereva alikuwa ameshika honi. Kepher aliwaeleza waliokuwa karibu kwamba ile spika ya shingoni aliyonunua dukani ilikufa na mvua ya kwanza, na ile ya kushika mkononi haimfai mtu anayehitaji mikono miwili, mmoja wa ndoano na mmoja wa vitufe. Akaona ajitengenezee. Mbona hakusema, Rebeccah alimuuliza, na swali lenyewe likavuka bonde kwa sababu alikuwa bado hajavua maikrofoni. Kepher akasema Mama alimsimamia mbele ya watu, na yeye aliona haya kumwambia kwamba amesimamia mtu asiye na sauti. Tena yuko mwanamume hapa Kapchemosi anayeitwa Mayai mpaka leo, kwa sababu ya mashine yake ya kuangulia vifaranga iliyochemsha mayai. Bodi ya kwanza ilikuwa imemuungulia. Hakutaka kuitwa Bodi.

"Sasa tutakuita nani?" Kipruto aliuliza, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, lakini si kwa muda mrefu.

Wazee wa kamati walikubaliana watu wa vipimo waitwe waje wakague ile sili, kwa sababu mkwaruzo ni mkwaruzo hata ukiwa wa mwenyekiti, na hadi waje ufunguo wake ukae kwa Janeffer. Rebeccah akautoa. Akachukua gunia lake, akaenda mwisho wa foleni, akasimama. Janeffer alikuwa ameketi juu ya mzigo wake. Akasogea, akapigapiga nafasi kando yake.

"Nilisema nitakuwa nasimama," Rebeccah alisema.

"Ulisema akiiba. Hajaiba. Kaa."

Akakaa. Kutoka pale aliiona migongo yote, na akaelewa kwa nini Janeffer alipapenda. Mbele, Kepher alikuwa amejivisha maikrofoni, mkono mmoja kwenye ndoano, mwingine kwenye vitufe. Ile sauti ya ndani ya gunia ikatoka kwenye sanduku la kuku, pana na nzito kama ya mhubiri wa mkutano wa hadhara, ikaita kumi na nne nukta sita. Mwenye majani akarudia. Janeffer akajibu imefika, na sasa akajibu haraka, kidogo kwa kuvunjika moyo.

Zamu ya Rebeccah ilipofika, sanduku lilimwita kumi na moja nukta tatu. Akarudia kumi na moja nukta tatu. Kisha akarudi mahali pake, akaketi, akalitazama lile sanduku muda mrefu kwa jicho lile la pembeni alilokuwa akiwatazamia makarani.

"Janeffer," alisema polepole. "Hiyo sauti ni kubwa sana."

"Mimi pia nimeona," Janeffer alisema.